Harufu ya Waridi kwenye Shati la Mwonja Chai

Siku ile nilitoka nyumbani bila manukato, nikajiona kama mtu aliyesahau kuvaa viatu. Nilikuwa nimeoga kwa sabuni ya kufulia, nikavaa gauni lililokuwa limeanikwa nje mbali na kabati letu. Shangazi alinitazama nikifunga kitambaa cha kichwa, akasema, "Haya. Umekuwa kama chupa iliyooshwa."

"Ndivyo alivyoomba."

"Najua alivyoomba. Ameniomba na mimi. Leo hata paka wa jirani amenipita asinijue."

Watu wakiniuliza siku hizi mwenzangu alikuwa mtu wa namna gani, huwa nawajibu alikuwa mpole, nao hutosheka. Mimi sitosheki na neno hilo. Wapole ni wengi. Ndiyo maana nimekaa kuuandika mchana ule mmoja, kwa utaratibu wake, kabla haujaanza kunichanganyikia na michana mingine.

Shangazi ni dada wa baba yangu, na ndiye aliyenilea. Alikuwa na duka la manukato: chumba cha mbele cha kuuzia, chumba cha nyuma cha kuchanganyia. Nilikulia katika hicho cha nyuma. Mkono wangu ulijua kudondosha tone kabla haujajua kushika kalamu. Wateja walikuwa wakiingia, wananisogelea shingoni, wanasema, "Nipe hiyo uliyovaa." Hivyo ndivyo tulivyouza. Mimi nilikuwa dirisha la duka.

Mwenzangu huyo alikuwa mwonja chai. Kazini walimwita Kijiko. Kila asubuhi alisimama mbele ya safu ndefu ya vikombe, anavuta chai kwa kijiko, anaizungusha mdomoni, anaitema, kisha anasema ni chai gani na ina kasoro gani. Kwa ajili ya kazi hiyo hakula pilipili wala kitunguu kibichi, hakuvuta sigara, hakujipaka kitu chochote. Tulipoanza kupendana sikulitilia maanani jambo hilo. Nilidhani kazi ya ulimi inaishia ulimini.

Kisha likatokea lile la shati. Jioni moja tulikaa kwenye benchi mbele ya posta, tukiongea ya maana na yasiyo na maana, nikamwegemea begani. Siku hiyo nilikuwa nimeshinda nikichuja mafuta ya waridi. Kesho yake akavaa shati lilelile kwenda kazini. Akaonja chai nyeusi ya kawaida, akaikataa, akaandika kwamba imeingiwa na uchafu, harufu ya waridi. Magunia yaliyokuwa yameshapakiwa yakashushwa kutoka kwenye lori. Mkuu wake akaja, akaonja, hakupata waridi. Akaonja tena. Halafu akamsogelea Kijiko, akanusa mkono wa shati, akatoka.

Habari ilifika dukani kwetu kupitia mteja mmoja aliyekuwa na ndugu kazini kwa Kijiko. Alisimulia huku akicheka mpaka anashika kaunta. Shangazi alimfungia chupa yake kwenye karatasi, akamsindikiza hadi mlangoni, akarudi.

"Kwa hiyo wewe ni uchafu wa chai," aliniambia. "Miaka yote hii nimelea uchafu wa chai."

"Shangazi, hakunisema mimi."

"Waridi nani alimpaka? Mkuu wake?"

Kijiko alipotuma ujumbe kuniomba niende kwenye chumba cha kuonjea siku ya mapumziko, bila manukato, na kwamba kuna jambo anataka nilionje kabla hajalisema, shangazi alisema tutakwenda wote. Wala hakunificha anakwenda kufanya nini.

"Nakwenda kulimaliza hili penzi lenu," alisema. "Kijana mwenyewe simchukii. Ndiyo maana nitamwambia usoni."

Chumba kilikuwa ghorofa ya juu, na dirisha lake lilikuwa refu upande mmoja tu, ule usiopigwa na jua. Kuta nyeupe, meza nyeupe iliyofika usawa wa kiuno, vikombe vyeupe vyenye mifuniko na kila kimoja bakuli lake. Harufu haikuwepo kabisa. Kwa mtu wa kwetu ilikuwa ni kama kuingia chumba kisicho na sauti. Katikati ya sakafu ilisimama ndoo ndefu yenye magurudumu.

Kijiko alikuwa amevaa koti lake jeupe la kazi. Alinitazama kwa muda uliozidi kidogo ule wa kumkaribisha mtu, kisha akakumbuka adabu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hiyo ndoo ni ya nini?"

"Ya kutemea."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu, shangazi. Hapa hata bosi anatema."

"Mna raha nyinyi," alisema, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango na mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri basi.

Kijiko alimimina maji yaliyokuwa ndiyo kwanza yamechemka, akafunika vikombe, akasubiri. Mimi nilikuwa naangalia mikono yake tu. Kisha akaimimina chai kwenye mabakuli, akayapindua majani yaliyoloa juu ya mifuniko ili tuyaone, akachukua kijiko, akavuta. Ile sauti. Ni kama mtu anachana kitambaa kipya kwa mkono.

Shangazi akashtuka. "Ukifanya hivyo mezani kwangu nakutoa nje na kiti chako."

"Naichanganya na hewa ili ipande puani," alisema. "Jaribu, shangazi."

"Mimi nitakunywa kama watu."

Nilijaribu mimi. Mara ya kwanza nilipaliwa, chai ikanitoka puani, na shangazi, aliyekuja kumaliza mambo, akacheka hadi akafuta macho kwa upindo wa nguo. Ya pili ilikwenda vizuri.

Bakuli la kwanza lilikuwa chai ya bondeni, nyekundu kama sufuria ya shaba. Iliingia mdomoni kama mtu anayeingia chumbani akiwa tayari anaongea. Ilinikamata ulimi pande zote mbili na haikuniachia hata nilipotema.

"Hii ni ya kunywa na maziwa," nilisema.

"Ndiyo. Peke yake inagombana na mtu."

La pili lilikuwa la chai iliyokaushwa kwa moshi wa kuni. Mimi niliona kama nimeramba dari ya jiko. Shangazi alipoletewa yake akanywa, akanywa tena.

"Hii naipenda," alisema. "Inanikumbusha koti la baba yangu. Usiniulize zaidi." Hakurudisha bakuli.

La tatu lilikuwa la chai ya mlimani. Rangi yake ilikuwa hafifu mno, nikadhani amekosea majani. Nilipoivuta sikupata kitu, maji ya moto tu. Nikatema. Nikafungua mdomo niseme haina ladha, na hapo ndipo ilipokuja, imechelewa, kama mgeni anayebisha hodi ukiwa umeshafunga mlango: shuka lililokauka juani, halafu ua fulani nisilolijua jina, halafu utamu mdogo kooni usio wa sukari.

"Imerudi," nilisema.

"Hiyo inarudi," alijibu.

Naye akaionja. Nimeyaona mengi ya uso wake tangu siku hiyo, katika raha na katika maumivu, lakini huo wa siku hiyo ndio ninaoutafuta kwanza nikifumba macho. Alifunga macho. Mabega yakashuka. Mkono wenye kijiko ukabaki hewani umesahauliwa. Alikuwa mbali na sisi, mahali pazuri, na hakuwa na haraka ya kutoka. Sikumwonea wivu. Nilitaka tu asikatizwe.

Kisha akasogeza safu ya pili.

"Na hizi ni za kutiwa harufu," alisema, na sauti yake ikawa ya muuzaji. "Zinanunuliwa sana sasa. Kuna chumba kizima kimefunguliwa kwa ajili yake, upande ule mwingine."

Tulianza na ya limau. Limau lilifika mbali mbele, chai ikaja nyuma inahema. Ya mdalasini ilikuwa na joto zuri, ningeipenda siku ya homa. Ya vanila pua ilipewa ahadi ya keki, ulimi ukapewa maji machungu, na kati yao nikabaki nimekasirika. Kila mara nilimwangalia yeye. Alikuwa anavuta, anatema, anaitikia kwa kichwa. Uso wake ulikuwa wa mtu anayepokea wageni wa jirani: tabasamu lipo, mwenyewe hayupo.

Ya mwisho ilikuwa ya waridi. Alimpelekea shangazi kwa mikono miwili.

Shangazi hakunywa kwanza. Alinusa, akaliweka bakuli mbali, akalirudisha puani. "Hili si waridi," alisema. "Hili ni waridi lililosimuliwa na mtu aliyelisikia kwenye simu."

Kijiko alicheka, kicheko cha kweli, kikaishia njiani. Akaweka kijiko chini.

"Hilo ndilo jambo lenyewe," alisema, akiniangalia mimi. "Mkuu ameniambia nichague. Nikitaka kubaki kwenye hii meza ya chai nyeusi, nisije tena na harufu. Hata chembe. Nikishindwa, kuna nafasi kwenye chumba cha chai za kutiwa harufu. Nimefikiri. Nitahama. Kule hata shati likiwa na waridi hakuna atakayejua. Utavaa unachotaka, nitakuja dukani ninapotaka, na shangazi hatasikia tena neno uchafu. Nilitaka uzionje mwenyewe, uone si mbaya."

Aliongea kwa furaha, na aliipanga furaha hiyo vizuri. Mtu mwingine asingejua kwamba imepangwa.

"Ulishamjibu mkuu?" niliuliza.

"Kesho."

"Usihame."

Chumba kile kisicho na harufu kikawa hakina hata hewa. Alinitazama, akayaangalia mabakuli, akaanza kuyapanga upya ingawa yalikuwa yamepangika.

"Sawa," alisema polepole. "Nimeelewa."

Shangazi alisimama. Sauti yake haikuwa na ushindi, naikumbuka, ilikuwa ya huruma. "Basi, mwanangu, umemkataa mwenyewe kabla yangu. Tumshukuru kwa chai, twende."

"Sijamaliza," nilisema.

"Mtu akisema usihame amemaliza."

"Shangazi, naomba ukae kidogo."

Akakaa. Nadhani hakuwa amewahi kunisikia nikitumia sauti ile, na mimi pia sikuwahi.

Nikamgeukia Kijiko. "Nilikuona ulipoonja ya mlimani. Nilikuona na ulipoonja vanila. Ukihamia kule kwa ajili yangu, kila siku jioni utanirudia na ule uso wa vanila. Mwaka wa kwanza utanificha. Wa pili utachoka kunificha. Sitaki kuolewa na mtu anayenipokea kama mgeni wa jirani."

"Sasa tufanyeje?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa hajui kweli.

"Mimi nitaacha kuvaa. Nitachanganya, nitauza, lakini sitajipaka. Dukani nitavaa nguo za dukani. Nikitoka naoga, nabadilisha, ndipo nakuja kwako. Muuza viatu havai viatu vyote vya dukani."

"Lakini havai miguu mitupu," alisema shangazi kutoka mlangoni. "Nani atanunua manukato kwa msichana asiyenukia? Watu wanakuja shingoni kwako, si kwenye rafu. Umelifikiria hilo?"

Nililifikiria pale pale aliposema, na liliniuma. Nilikuwa napenda kuwa dirisha la duka. Nilipenda kupita mahali na watu wageuke. "Nimelifikiria," nilisema.

"Huyu anaongopa," shangazi alimwambia yeye. "Lakini anaongopa kwa kusudi jema. Sasa wewe, kijana. Yeye anaacha harufu aliyokulia ndani yake. Kila nguo aliyovaa shuleni ilitoka kwenye zile chupa zangu. Nikimleta nyumbani kwako, atakuwa mtu, au atakuwa uchafu unaooshwa kila jioni mlangoni? Maana hicho ndicho kinachoninyima usingizi. Chai yako hainihusu."

Alivua koti lake jeupe, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Akaja kusimama mbele ya shangazi akiwa na shati tu.

"Shangazi, niliandika vile kwa sababu sikujua imetoka wapi. Ningejua, ningeandika ukweli: mwonjaji amekuja kazini na shati la jana. Kosa lilikuwa la shati langu. Nimeshamwambia mkuu hivyo, na nakwambia na wewe. Nisamehe."

"Nimesikia. Endelea."

"Kuna siku moja katika juma sionji, na kesho yake naingia mchana. Siku hiyo avae duka zima kama anataka. Mimi nitakaa naye humo humo, nami nitaoga kabla ya kurudi kazini. Kuoga si kwake peke yake."

"Duka zima?" shangazi aliuliza.

"Hata yale manukato ya udi mzito yaliyonitoa machozi siku ya kwanza."

"Yale ni ghali," alisema shangazi. "Si ya kuchezea." Lakini mkoba wake alikuwa ameshauweka sakafuni. Alichukua lile bakuli lake la chai ya moshi, lililokuwa limepoa, akanywa lililobaki, akafikiri. Sisi wawili tukasimama kama watoto waliovunja kitu.

"Wateja nitawapokea mimi," alisema mwishoni. "Shingo yangu si kama zamani, lakini bado inashika harufu. Nitanukia kwa niaba ya ukoo mzima. Wewe utakaa nyuma uchanganye, na ole wako uniharibie waridi likawa la kwenye simu."

Nilitaka kumkumbatia, akaniinulia mkono. "Ngoja. Bado nina swali moja kwa huyu. Wanaisifu pua yako, mwanangu. Mtoto huyu hujawahi kumkuta bila manukato mwilini, mimi mwenyewe nilihakikisha. Leo hana kitu. Ananukia nini?"

Niliona haya, nikaangalia dirisha. Nje mtu alikuwa anafagia uwanja wa kupakilia, na vumbi lilikuwa linasogea mbele yake bila haraka.

Kijiko alizunguka meza. Alisimama karibu nami, kwa umbali ambao shangazi asingeweza kuulalamikia, akafunga macho. Nilisikia pumzi yake ikiingia, safari hii taratibu, bila sauti ya kazini. Ilichukua muda. Mabega yake yakashuka. Nilijua uso alionao bila kugeuka, kisha nikageuka, na ulikuwa huo.

"Enhe?" shangazi alisema.

"Nimeipata."

"Sema basi tuisikie."

"Hapana, shangazi." Alikuwa bado amefumba macho. "Kutwa nzima kazi yangu ni kusema kila ninachokipata. Hii naomba nikae nayo."

Shangazi aliinuka. Akaokota mkoba wake. "Waambie wa kwenu waje tuongee," alisema, akatangulia ngazini, akijifanya ana shida na kamba ya kiatu ili tupate muda kidogo peke yetu.

Nilimuuliza jibu lile mara nyingi baadaye. Nilimuuliza tukiwa njiani, nilimuuliza jikoni, nilimuuliza nikiwa nimemkasirikia na nilipokuwa sijamkasirikia. Kila mara alitabasamu akasema, "Nitakuambia tukizeeka." Siku moja nikamwambia basi tuzeeke haraka, akacheka, akanibusu kichwani mahali nywele zinapoanzia, akavuta pumzi pale taratibu, akarudi kwenye gazeti lake.

Hatukufika huko kwenye uzee. Alipougua aliongea mengi, nami nilikaa karibu nikiyasikiliza yote, na mara moja nilitaka kuuliza, nikaona ni kama kumwambia muda umekwisha. Sikuuliza. Nguo zake ninazo, picha ninazo, hata kicheko chake bado nakisikia nikitulia. Hilo moja alikwenda nalo.